Webley, Smith & Wesson, Colt au Ruger: rivolva ipi inamfaa mmiliki wa Nyanda za Juu Kusini?

Wamiliki wa silaha wenye leseni katika mikoa yetu ya Iringa, Njombe na Mbeya wanapofikia hatua ya kuchagua rivolva, mara nyingi huanza na jina la kiwanda, kisha huhamia kwenye sura ya silaha, na mwisho kabisa, pengine fedha zikiwa zimeshalipwa, ndipo hukumbuka kuuliza inatumia risasi gani. Mimi naamini mpangilio huo ugeuzwe. Risasi itangulie, kifyatulio kifuate, na jina la kiwanda likae nyuma kabisa, kwa sababu jina halipigi shabaha wala halizuii kutu.

Ninaandika kutokana na mkusanyiko wa familia yetu, ambao sehemu yake tuliirithi kwa wazee na sehemu nyingine iliongezwa baadaye, kila silaha ikiwa na leseni yake. Katika mkusanyiko huo nimechukua rivolva nne ambazo watu hushindwa kuamua kati yake: Webley Mk IV ya Uingereza, na tatu za Marekani, yaani Smith & Wesson Model 10, Colt Official Police na Ruger GP100. Zote nne hubeba risasi sita, na zote ni za kujikoki zenyewe.

Kwa asiyezifahamu, rivolva inayojikoki ni ile ambayo kuvuta kifyatulio peke yake huzungusha silinda yenye matundu ya risasi, huinua nyundo na huiachia igonge fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi. Mtumiaji akipenda anaweza pia kuirudisha nyundo nyuma kwa dole gumba, na hapo kifyatulio hubakiwa na kazi moja tu ya kuiachia. Mfumo huu ni wa zamani. Robert Adams wa London alipewa hataza ya rivolva ya kujikoki mwaka 1851, ila ya kwake haikuweza kukokiwa kwa dole gumba. Mwaka 1856 Luteni Beaumont wa jeshi la Uingereza alipewa hataza ya kuunganisha njia zote mbili katika silaha moja, na hadi leo rivolva hizi nne hufuata wazo hilo.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano, nikavipanga kwa uzito wake kwa mtu anayeishi huku kwetu. Cha kwanza ni risasi: ni ya aina gani, na je, inapatikana? Cha pili ni kifyatulio, yaani uzito wake, mwendo wake na jinsi unavyoendana na mkono wa mwenye silaha. Cha tatu ni namna ya kufungua, kujaza na kutoa maganda. Cha nne ni uimara wa mitambo ya ndani, pamoja na swali la fundi na vipuri. Cha tano ni namna silaha inavyostahimili ukungu, mvua na vumbi la nyanda zetu. Bei sikuiweka kuwa kigezo, kwa kuwa bei ya silaha iliyotumika hutegemea hali yake kuliko aina yake, na silaha mbili za namna moja zinaweza kutofautiana mno.

Risasi

Hapa ndipo penye makosa mengi na hatari kubwa kuliko kwingine, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo.

Webley Mk IV, Model 10 na Official Police zote husemwa kuwa ni za thelathini na nane, na msikilizaji huondoka akidhani kwamba zinatumia risasi moja. Sivyo. Webley hutumia .38 S&W, ambayo jeshi la Uingereza liliiita .38/200 kwa sababu kichwa chake cha awali kilikuwa cha madini ya risasi pekee, chenye uzito wa greni 200, takribani gramu 13. Ganda lake ni fupi, halifiki milimita 20. Model 10 na Official Police hutumia .38 Special, ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 29 na ushee, lakini ni jembamba kidogo kuliko lile la .38 S&W, na kichwa chake pia ni chembamba kidogo. Kutokana na vipimo hivyo, risasi ya Webley kwa kawaida hukataa kuingia kwenye matundu ya Model 10 kwa kuwa ni nene, na ile ya Model 10 ikiingizwa kwenye Webley ambayo haijachezewa hukwama njiani kwa kuwa ni ndefu.

Tatizo kubwa liko kwenye zile zilizochezewa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Smith & Wesson iliipatia Uingereza na nchi za himaya yake zaidi ya rivolva nusu milioni zenye umbo lile lile ambalo baadaye lilikuja kuitwa Model 10, ila matundu yake yalikuwa ya .38/200. Nyingi za kuanzia mwaka 1942 zina herufi V mbele ya namba yake. Baada ya vita ziliuzwa kwa raia sehemu nyingi za dunia, na baadhi yake zilichongwa matundu upya ili zipokee .38 Special. Silinda ya namna hiyo ina tundu pana upande wa nyuma, palipokuwa pa ganda nene, na jembamba kwa mbele. Ukifyatua, ganda jembamba la .38 Special huvimba upande wa nyuma kwa kukosa ukuta wa kuliegemea, na mara nyingine hupasuka. Mtu anayeambiwa kwamba anauziwa Model 10 anapaswa kuthibitisha kwamba hauziwi mojawapo ya hizo.

Njia ya kuthibitisha si ngumu. Silaha ikiwa tupu, fungua silinda, chukua kioo cha kukuzia na tochi, kisha usome mihuri kwenye mtutu na kwenye silinda. Silaha iliyopita kwenye upimaji rasmi wa Uingereza kabla ya kuuzwa kwa raia huwa imepigwa muhuri unaosomeka .38 na .767, ambapo namba ya pili ni urefu wa ganda kwa inchi, yaani milimita 19 na nusu hivi, na mara nyingi kando yake pamepigwa maneno 3½ TONS. Ukiona muhuri huo kwenye silaha inayonadiwa kuwa ni ya .38 Special, simamisha mazungumzo ya bei hapo hapo hadi fundi mwenye leseni ya kazi hiyo aikague.

Ruger GP100 ninayoizungumzia ni ya .357 Magnum, risasi iliyoletwa sokoni mwaka 1935. Waliotengeneza risasi hiyo walirefusha ganda kwa takribani milimita 3 kuliko lile la .38 Special kwa makusudi, ili isiweze kuingia kwenye rivolva ambayo haikuundwa kuhimili shinikizo lake kubwa. Matokeo yake ni faida kwa mwenye Ruger: yeye anaweza kutumia risasi zote mbili, kubwa na ndogo, ilhali mwenye Model 10 au Official Police anatumia ndogo tu. Ipo gharama moja. Ukipiga .38 Special nyingi kwenye tundu la Magnum, masizi hujenga pete mbele ya mahali ganda fupi linapoishia, na siku ukirudi kwenye ganda refu utaliona linaingia kwa shida. Burashi ya shaba na subira huiondoa pete hiyo.

Kwa nguvu, tofauti ni za wazi. Risasi ya Webley ya greni 200 huenda taratibu, karibu mita 190 kwa sekunde, na msukumo wake mkononi ni wa upole. .38 Special yenye kichwa cha kawaida cha greni 158 huzidi mita 230 kwa sekunde. .357 Magnum yenye uzito huo huo huweza kupita mita 360 kwa sekunde, na mlio wake unadai vikinga masikio vya kweli, si pamba.

Upatikanaji ndio unaoamua. .38 Special na .357 Magnum zinatengenezwa na viwanda vingi ulimwenguni hadi leo, na .38 S&W hutengenezwa na vichache, kwa mafungu machache. Leseni ya hapa nchini hutaja silaha mahususi, na risasi hununuliwa kwa leseni hiyo, kwa hiyo ni busara kwenda kwanza kwa muuzaji aliyeruhusiwa na kumuuliza bila aibu kama anaweza kuagiza risasi unayoikusudia, kabla ya kupeleka maombi serikali ya mtaa na polisi. Webley nzuri isiyo na risasi ni kumbukumbu ya kutazamwa. Hilo si jambo baya kama ndilo ulilolitaka, ila ulijue mapema.

Kifyatulio

Kifyatulio cha rivolva inayojikoki ni kizito kwa asili, kwa sababu kidole kimoja kinabana springi, kinazungusha silinda na kinainua nyundo kwa mvuto mmoja. Kinachotofautisha silaha moja na nyingine ni jinsi uzito huo unavyogawanyika njiani.

Model 10 ndiyo yenye mgawanyo sawa kuliko zote nne. Kilo nne na nusu hadi tano na nusu husambaa tangu mwanzo hadi mwisho wa mvuto, bila pahala pa kukwama, na kidole kinaweza kwenda mwendo mmoja hadi nyundo ianguke. Ndani yake mna springi kuu bapa inayobanwa na skrubu ndogo iliyo mbele ya mpini. Wapo wanaoilegeza skrubu hiyo ili kifyatulio kiwe chepesi, na mnunuzi anapaswa kuikagua, kwani springi iliyolegezwa hugonga fataki kwa udhaifu na risasi hukataa kuwaka. Skrubu hiyo inatakiwa ikazwe hadi mwisho.

Official Police huanza vyepesi, kisha huongezeka uzito kadiri kidole kinavyokaribia mwisho, kama mtu anayevuta upinde. Wapigaji wengine huipenda hali hiyo, kwa sababu huhisi ukingo kabla nyundo haijaachia, wakasimama hapo kidogo na kusahihisha shabaha. Wengine huona kwamba mkono unatikisika pale pale pasipotakiwa. Kwa upande wangu, nyundo ikiwa imekokiwa kwa dole gumba, sijagusa kifyatulio safi kuliko cha Colt hii: hakina mchezo wala mkwaruzo, na huachia kwa kishindo kikavu.

Webley ni nzito zaidi kwa kuvuta na mwendo wake ni mrefu. Iliundwa kwa ajili ya maofisa wa jeshi na askari polisi, si kwa mashindano. Ikikokiwa kwa mkono inakuwa ya kawaida kabisa. Ruger mpya huwa na ukakasi kidogo ndani yake, ambao hupungua kwa matumizi na kwa mafuta mazuri, lakini hata ikishalainika haifikii utulivu wa Model 10 ya miaka ya zamani.

Jaribio ninalolishauri ni hili. Hakikisha silinda ni tupu, hakikisha tena, weka risasi bandia zisizo na baruti ili pini isipige chuma kitupu, kisha elekeza mtutu kwenye ukuta imara usio na watu nyuma yake. Mwambie mwenzako aweke sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu, karibu na ncha ya kulengea, halafu uvute kifyatulio polepole hadi nyundo ianguke. Sarafu ikibaki, mkono wako na silaha hiyo vinaelewana. Ikianguka kila mara, silaha hiyo haikufai hata kama ina sifa dunia nzima. Jaribio hili lina maana zaidi kwa watu wa Makete, Njombe na Kitulo, ambako asubuhi za Juni na Julai vidole hufa ganzi kwa baridi, na kifyatulio kilichoonekana chepesi mchana wa jua huwa mzigo mwingine kabisa.

Mwenye kiganja kidogo aangalie pia umbali kutoka nyuma ya mpini hadi kifyatulio. Webley na Model 10 zenye mpini mwembamba wa zamani humkubali kwa urahisi. Colt ina mwili mkubwa kidogo. Ruger ina mpini wa mpira unaojaza kiganja, na ingawa unaweza kubadilishwa, ukiwa kama ulivyotoka kiwandani humfaa mwenye mkono mpana.

Kufungua, kujaza na kutoa maganda

Hapa Webley haina mfano kati ya hizi nne. Dole gumba likisukuma wenzo ulio upande wa kushoto, komeo la juu linaachia, mtutu unainama kwenda chini pamoja na silinda, na chuma chenye umbo la nyota katikati ya silinda huinuka kikiwa kimebeba maganda yote sita kwa pamoja. Mtutu ukifika mwisho, nyota hurudi ndani ghafla na maganda huanguka yenyewe. Ukiifungua kwa nguvu huruka, na ukiifungua taratibu unaweza kusimama katikati, ukaondoa yaliyotumika tu na kubakiza mazima. Ni ufundi wa Birmingham ambao bado unashangaza, na jeshi la Uingereza lilikuwa limeukubali tangu 1887 katika Webley za awali.

Nyingine tatu zina silinda inayotoka kwa upande wa kushoto, na maganda hutolewa kwa kusukuma kijiti kwa kiganja. Tofauti iko kwenye kitufe cha kufungulia: Smith & Wesson husukumwa mbele, Colt huvutwa nyuma, Ruger hubonyezwa kwa ndani. Anayemiliki zaidi ya moja azoeze mkono kwa kila moja. Silinda pia hazizunguki upande mmoja: ukiitazama silaha kwa nyuma, ya Colt huzunguka kufuata mshale wa saa na ya Smith & Wesson kinyume chake, jambo la kukumbuka ukiwa umejaza risasi chache tu, kwani ndilo linaloamua tundu lipi litafuata.

Uimara, fundi na vipuri

Mafundi wa silaha wanaofanya kazi kihalali ni wachache katika mikoa yetu, na wengi wao mikono yao imezoea magobore, shotgani na raifo za kuwindia. Kwa hiyo swali la vipuri lazima liende pamoja na swali la nani atavifunga.

Model 10 ndiyo yenye historia ndefu zaidi katika mstari usiokatika. Ilianza mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, ikapewa namba yake ya sasa mwaka 1957, na zimetengenezwa kwa mamilioni. Vipuri vyake vimetapakaa duniani, na karibu kila fundi wa rivolva ameifungua. Zile za kuanzia mwisho wa Vita Kuu ya Pili zina kizuizi kilichoboreshwa kinachokaa mbele ya nyundo, ili silaha ikianguka isijifyatue. Kizuizi hicho kilibuniwa baada ya baharia mmoja wa Marekani kuuawa na rivolva iliyoangukia sitaha. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya ya kabla na ya baada ya mabadiliko hayo kwa ajili ya matumizi, chukua ya baada.

Ruger GP100 ilianza miaka ya 1980. Haina bamba la pembeni lenye skrubu. Mwili wake ni kipande kizima, springi zake ni za kujisokota, na mmiliki makini anaweza kuifungua kwa usafi wa kina bila kuhitaji vyombo maalumu. Silinda yake imefungwa mbele na nyuma, na imejengwa kwa ajili ya Magnum, kwa hiyo ukiitumia kwa .38 Special inakuwa kama haichoki. Uzito wake, kilo moja na gramu mia moja na ushee kwa mtutu wa inchi nne, ndio malipo ya uimara huo.

Colt ni suala la ufundi wa hali ya juu unaodai fundi wa hali ya juu. Official Police ilitengenezwa kuanzia 1927 hadi 1969, na ndani yake sehemu kadhaa hutegemeana na springi moja yenye umbo la V. Kifyatulio kikiwa kimevutwa hadi mwisho, silinda hubanwa isitikisike hata kidogo, na hilo ni zuri kwa shabaha. Lakini ubanaji huo huo hula chuma cha mkono mdogo unaoizungusha silinda, na baada ya miaka mingi silinda huanza kuchelewa kufika mahali pake. Kurekebisha kasoro hiyo hakufanywi kwa kubahatisha kwa tupa.

Kwa sababu hiyo, usinunue Colt bila kuikagua hivi. Ikiwa tupu, weka kidole kwenye silinda kwa mguso mwepesi kana kwamba unaizuia, kisha ukoki nyundo polepole mno kwa dole gumba. Sikiliza mlio wa kufuli la silinda likiingia kwenye kijishimo chake. Lazima liingie kabla nyundo haijasimama nyuma, au angalau kwa wakati ule ule. Nyundo ikisimama na silinda bado inaweza kusukumwa mbele kidogo hadi ilie, tundu hilo limechelewa. Rudia kwa matundu yote sita, kwa kuwa mara nyingi ni moja au mawili yaliyochakaa. Kisha shika silaha mbele ya mwanga na utazame pengo kati ya silinda na mtutu. Fila geji ya fundi magari inatosha kulipima, na pengo la kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya milimita ni la kawaida. Ukaguzi huu unafaa kwa zote nne, ila kwa Colt ni wa lazima.

Webley haina utata mwingi ndani, na haikubembelezwa wakati wa kutengenezwa. Zile za vita zimepigwa maneno WAR FINISH ubavuni, kiwanda kikieleza wazi kwamba alama za mashine zilizobaki juu ya chuma ni za haraka ya vita na si udhaifu wa kazi. Kwenye Webley angalia bawaba iliyo mbele na komeo la juu: funga silaha, shika mtutu kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, jaribu kuitikisa. Ikicheza, imefunguliwa kwa nguvu miaka mingi au imepigwa risasi zisizo zake. Vipuri vya kuirekebisha hutoka kwenye Webley nyingine zilizovunjwa.

Ukungu, mvua na vumbi

Nyanda za Juu Kusini si sehemu moja. Mwenye silaha Mufindi, kwenye mashamba ya chai, au Rungwe, ambako mvua huzidi milimita elfu mbili kwa mwaka katika maeneo mengi, ana adui mmoja anayeitwa unyevu. Mwenye silaha Usangu au Pawaga ana vumbi laini linaloingia kila pengo. Iringa mjini pako katikati ya hali hizo mbili.

Webley, Model 10 na Colt za zamani zina chuma kilichokolezwa rangi ya weusi wa bluu, ambayo hupendeza lakini haizuii kutu bila mafuta. Ruger inapatikana kwa chuma kisichoshika kutu kirahisi, na kwa mtu wa Mufindi hiyo ni faida kubwa, ingawa nayo si ya kuachwa bila uangalizi. Kwenye vumbi, Webley na Ruger huonekana kustahimili vizuri. Model 10 inahitaji usafi chini ya ile nyota ya kutolea maganda, kwani chembe chache za mchanga au baruti isiyoungua hukaza silinda, na Colt yenye nafasi finyu ndani huathirika mapema zaidi.

Kwa zote nne, usihifadhi silaha ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu wa masika na kuushikilia juu ya chuma, na alama ya kutu hujitokeza kwa umbo la mshono wa mkoba. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, iweke kasikini ikiwa imeachiwa hewa, na risasi zikae mahali pengine penye kufuli lake. Vishikio vya mbao vya Colt na Smith & Wesson vifunguliwe mara moja moja kipindi cha mvua, kwa sababu kutu hupenda kuanzia chini yake, pasipoonekana.

Nani achukue ipi

Anayetaka silaha moja ya kujifunzia kulenga kwa utulivu, yenye risasi inayopatikana na vipuri visivyosumbua, atahudumiwa vizuri na Model 10 ya baada ya vita, mradi amethibitisha mihuri yake na skrubu ya springi.

Anayeishi penye ukungu na mvua, au anayejua kwamba hatapata fundi karibu, aitazame Ruger ya chuma kisichoshika kutu. Anapata uhuru wa risasi mbili na silaha anayoweza kuisafisha mwenyewe, naye akubali uzito na kifyatulio kisicho laini sana.

Mpenda shabaha ya taratibu, anayekoki kwa dole gumba na kupiga risasi chache kwa umakini, atafurahia Official Police kuliko nyingine yoyote kati ya hizi. Masharti ni mawili: matundu yote sita yapite ukaguzi wa silinda, na awe na fundi wa kweli anayemjua. Likikosekana moja, aiache.

Anayekusanya kwa ajili ya historia, hasa historia ya wakati wa Waingereza katika Tanganyika, hana sababu ya kuikwepa Webley. Mikono yenye nguvu haitaulalamikia mvuto wake, na mwenye vidole vyenye baridi yabisi ataitumia kwa kuikoki kwa mkono, kwani risasi yake haimuumizi kiganja. Aanze na risasi, amalize na silaha.

Anayerithi hana uchaguzi wa aina, lakini ana wajibu unaotangulia ulinganisho wote huu. Silaha ya marehemu haihamii kwa mtoto pamoja na shamba na ng'ombe. Itolewe taarifa polisi kwanza, ikabidhiwe kama Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inavyotaka, na mrithi aombe leseni kwa jina lake. Wakati maombi yakiendelea, anaweza kuomba aandikiwe aina, namba na mihuri ya silaha hiyo, akajua kama ni .38 ya milimita 20 au ya milimita 29, na kama kuna muuzaji anayeweza kuilisha.